Kipimo cha Kompyuta na Damu ya Magwagwa

Nimekasirika miaka mingi sasa na sina mpango wa kuacha. Watu wa nyumbani kwangu huniambia nisamehe, kwamba kompyuta ni chombo tu, na kwamba waliotengeneza ule ukurasa hawakunijua. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Hawakunijua, hawakuwa na haja ya kunijua, na bado walinipa mtihani, wakausahihisha, wakaniwekea alama za kijani kama mwalimu anayempongeza mtoto wa darasa la kwanza, kisha wakanifungia mlango usoni. Mimi ni mwalimu. Mtoto akifaulu, hupanda darasa. Huo ndio mtihani ninaoujua.

Lakini nianze na damu, maana bila damu nisingekuwa na haja yoyote na kompyuta.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nafundisha shule ya msingi karibu na soko la Magwagwa. Malaria ilikuwa imetuzoea. Ilikuja baada ya mvua ndefu, mwezi wa sita na wa saba, na darasa langu lilikuwa likibaki nusu. Mwaka mmoja wakaja watafiti. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, mpole, mwenye viatu vizito na daftari lisilomtoka mkononi. Alitaka mtu wa kumtafsiria. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, na akina mama wa kwetu Kiswahili walikitumia sokoni tu na kwa wageni. Mambo ya mtoto mgonjwa yalitaka Ekegusii, lugha ya kwetu. Nikapewa kazi hiyo, jioni baada ya masomo na Jumamosi kutwa.

Utafiti wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Mtoto akikutwa na malaria, alipewa vile vidonge vyeupe vichungu vilivyouzwa katika kila duka, akavimeza mbele ya muuguzi siku tatu mfululizo. Baada ya juma moja alidungwa kidole, na baada ya majuma mawili akadungwa tena, ili ionekane kama dawa imeua vimelea au imevibembeleza tu. Ndilo swali lililokuwapo: ile dawa bado inafanya kazi, au haifanyi?

Kwetu damu haitolewi ovyo. Watu waliitwa kwenye baraza la chifu, wakakaa kwenye nyasi, wakauliza inakwenda wapi, nani atailinda, na itafanywa nini ikishatumika. Aliyeuliza kuwashinda wote alikuwa makomoke. Ndivyo tunavyomwita mama mdogo, na huyu alikuwa mdogo wa mama yangu mzazi, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Damu ikishasema, itasema na nani? Na sisi, au na hawa wenye gari?"

Nilimtafsiria yule mgeni. Akatabasamu, akasema bila shaka wenyeji watapata majibu. Nami kwa kiherehere changu sikuridhika na kutafsiri. Nilinyosha kidole changu mbele ya baraza zima nikadungwa wa kwanza, nikasema kwa sauti ya kufundishia, "Majibu yatarudi hapa hapa, na mimi ndiye nitakayeyaleta." Watu wakapiga makofi. Akina mama wakaanza kupanga foleni na watoto wao migongoni. Walipanga foleni kwa sababu yangu, si kwa sababu ya yule mama wa ng'ambo, na mtu asiniambie vingine.

Kazi ikaisha. Gari likaondoka na masanduku yake ya baridi. Tukaagana vizuri, tukapiga picha.

Mwaka uliofuata, mvua ndefu zilipokwisha, mjukuu wa makomoke alishikwa na homa. Alikuwa msichana wa miaka miwili, ndiyo kwanza anaanza kuniita "Mwarimu". Mama yake alikuwa amekwenda kufanya kibarua cha kuchuma majani chai upande wa Nyansiongo, akamwacha mtoto na bibi yake. Makomoke alinunua vidonge dukani. Alivijua, maana alikuwa amewaona watoto wa jirani wakimezeshwa na muuguzi wakati wa utafiti. Aliviponda kwa kijiko, akavichanganya na sukari, akampa siku tatu kama inavyotakiwa. Siku ya nne mtoto alikuwa bado anawaka moto. Wakamkimbiza zahanati, na jioni ile ile wakarudi naye akiwa amefunikwa uso.

Pale zahanati muuguzi mmoja aliyechoka, ambaye sidhani alikusudia ubaya, alisema mbele ya watu, "Nyinyi mnawapa watoto dawa nusu. Mkimaliza dozi, watoto hawafi." Akaendelea na wagonjwa wengine.

Neno hilo likaingia katika lile boma la makomoke likakaa. Mkaza mwana wa makomoke, mama wa marehemu, hakumgombeza mkwewe hata siku moja. Heshima haikuruhusu. Lakini tangu siku ya mazishi hakutia mdomoni chakula kilichopikwa na mkwewe. Alijitengea mafiga yake, akachota maji yake, na wakipishana uani aliangalia chini. Kijiji kizima kiliona. Makomoke, ambaye alizoea kusikika kutoka ng'ambo ya mto, akaanza kuongea kwa sauti ya chini.

Alinijia Jumapili moja baada ya kanisa.

"Mwalimu," akaniambia, na yeye huniita hivyo akiwa na jambo zito, siku nyingine huniita mwanangu, "ile damu ilisema nini? Vidonge nilimpa vyote. Kama dawa ni nzima, basi mimi nilikosea mahali na nimemuua mtoto wa wenyewe. Kama dawa imekufa, nataka niambiwe na wale waliopima."

Nilikuwa nimeandika barua mbili kwa anwani ya mradi, na zote mbili zilirudi na maandishi kwamba mradi umefungwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Halafu mwezi wa kumi na mbili ikaja kadi ya Krismasi. Ilikuwa ya yule mama wa ng'ambo, yenye picha ya theluji, na stempu ya nchi ambayo hata haikuwa kwao. Alinitakia heri mimi na familia yangu. Chini kabisa, kwa kalamu ya buluu, aliandika kwamba makala yetu hatimaye imetoka, na kwamba ninaweza kuisoma kwenye mtandao, katika anwani hii. Anwani yenyewe ilichukua mistari miwili. Anwani yake ya posta hakuandika.

"Makala yetu." Nililisoma neno hilo mara nyingi. Basi kama ni yetu, nikasema, twende tukaisome.

Mjini Kisii wakati huo mtandao ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Niliambiwa kuna mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule, aliyezaliwa pale pale mjini na anayeongea Ekegusii vizuri kuliko baadhi ya walimu wenzangu. Nyuma ya duka, kati ya marobota ya daftari na mashine ya kutoa nakala, alikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na simu. Kompyuta ilikuwa ikipiga simu Nairobi, inalia, inakoroma, na ikiwa na bahati inaitikiwa. Tulisubiri karibu saa nzima. Mzee alikuwa na subira kuliko mimi. Aliandika ile anwani herufi kwa herufi huku nikimsomea, kama tunaandika imla.

Ukurasa ukafunguka polepole kutoka juu. Kikatokea kichwa cha makala, na ndani yake jina la wilaya yetu. Yakatokea majina ya waandishi. Halafu sentensi moja ya muhtasari ikaanza kusema kwamba watoto waliomeza dozi kamili mbele ya muuguzi, na hapo ikakatika. Nukta tatu. Chini yake maandishi madogo: huna ruhusa ya kuendelea, kama unadhani hili ni kosa, pima hapa kama kompyuta yako inafaa kutumia tovuti yetu.

"Bonyeza," nikamwambia mzee.

Hicho kilikuwa ndicho kipimo chenyewe. Kilikuwa ukurasa mtupu, mweupe, uliokaa kidogo kana kwamba unatutazama, kisha ukatuletea orodha. Kila mstari ulitaja kitu kimoja cha kompyuta na mbele yake alama: kijani kama kitu hicho ni sawa, nyekundu kama kina kasoro. Tulikuwa na nyekundu tatu. Programu ya kufungulia kurasa, ile ambayo leo watu huiita kivinjari, ilikuwa ya zamani mno. Tarehe ya kompyuta haikuwa ya kweli. Na vile vifaili vidogo ambavyo tovuti hupenda kuviacha ndani ya kompyuta ya mtu ili imkumbuke, vilikuwa vimezuiwa. Mwisho wa orodha kulikuwa na mstari mmoja wa kijivu, usio na alama yoyote, ulioandikwa: taasisi, haijulikani. Kwa kuwa haukuwa mwekundu, tukauacha.

"Mwalimu, hii si shida," mzee akasema. "Hizi ni tatu tu. Tutapiga moja moja."

Tukazipiga moja moja. Tarehe ilikuwa kosa la betri ndogo iliyokufa ndani ya kompyuta, kwa hiyo kila ikizimwa ilisahau mwaka na kurudi nyuma karibu miaka ishirini. Mzee aliirekebisha kwa mkono, na ilibidi airekebishe upya kila asubuhi. Vifaili alikuwa amevizuia yeye mwenyewe kwa sababu mtu fulani alimwambia vinaleta wezi. Akaviruhusu huku akiguna. Programu mpya ndiyo iliyotutesa. Kuivuta kwa ile simu kungechukua siku nzima na ingekatika njiani, kwa hiyo aliagiza sidii yenye programu hiyo kutoka kwa mtu wake Nairobi. Tuliisubiri majuma matatu. Ilipokuja ilikuwa na mkwaruzo, ikabidi iletwe nyingine.

Kila Jumamosi nilikwenda mjini, na kila Jumapili makomoke alinisubiri nje ya kanisa.

"Wamesema nini?"

"Bado, makomoke. Wanapima kompyuta kwanza."

"Wanapima kompyuta?"

"Kama inafaa kusoma."

"Walipima damu," akasema, "sasa wanapima chombo cha kusomea damu. Hawa watu kuna siku wanamaliza kupima?"

Sikucheka. Yeye pia hakuwa anachekesha.

Siku sidii nzuri ilipofika, mzee aliweka programu mpya, akarekebisha tarehe, tukafungua tena kile kipimo. Mstari wa kwanza, kijani. Wa pili, kijani. Zikateremka alama zote kijani, moja baada ya nyingine, na juu yake yakatokea maneno: hongera, kompyuta yako inafaa kutumia tovuti yetu. Mzee aliinuka akanipa mkono. Akamwita mkewe alete chai. Nilihisi kama nimefaulu mtihani wa taifa. Nakumbuka nilifikiri nitampitia makomoke jioni ile ile, nisingoje Jumapili.

Tukarudi kwenye makala. Kichwa, majina, ile sentensi, nukta tatu. Huna ruhusa ya kuendelea.

Mzee akabonyeza tena. Huna ruhusa. Akafunga, akafungua. Huna ruhusa. Nikamwambia arudi kwenye kipimo, na kipimo kikatupongeza upya bila haya. Ndipo nikausoma ule mstari wa kijivu kwa makini, na maandishi yaliyo chini yake, madogo kiasi kwamba nilitumia miwani ya mzee. Yalisema kipimo hiki hupima kompyuta tu. Ruhusa ya kusoma ni suala la taasisi yako.

Nilipiga meza kwa kiganja. Kikombe cha chai kikaruka, na sikuomba radhi. Miezi miwili! Miezi miwili tunatumwa kurekebisha tarehe na kutafuta sidii, tunaambiwa sahihisha hiki, sahihisha kile, kana kwamba kasoro iko kwetu, kwenye hii kompyuta ya watu wa bara isiyojua hata mwaka. Na muda wote huo kufuli halikuhusu kompyuta hata kidogo. Kama wangeandika kwa wekundu siku ya kwanza, wewe si mtu wetu, ningewatukana siku ile ile nikatafuta njia nyingine. Lakini walipaka kijivu. Rangi ya kitu kisicho na maana.

Na hapa lazima nijiseme na mimi, maana upumbavu uliofuata ni wangu.

Chini ya kile kipimo waliandika kwamba ukikwama, tuma matokeo haya kwa watu wa huduma. Kulikuwa na kitufe. Mzee alitaka kukibonyeza. Mimi nikakataa. Niliona ni mchezo wa kitoto, karatasi isiyo na sahihi wala muhuri, itakayofika kwa mtu na kutupwa. Katika nchi hii mimi sijawahi kuona jambo likikubaliwa bila muhuri. Uhamisho wa mwalimu, cheti cha mtoto, kibali cha kuchimba kaburi, vyote hupigwa muhuri, na wino ukiwa hafifu unarudishwa ukapigwe tena. Nikamwambia mzee achapishe yale matokeo kwenye karatasi.

"Mwalimu, hawa watu wa kompyuta muhuri hawana kazi nao," akasema.

"Wewe chapisha."

Nikaipeleka karatasi kwa mwalimu mkuu wangu. Hakuelewa hata mstari mmoja, lakini alielewa kazi yake. Alivuta droo, akahema kwenye muhuri, akaupiga juu ya zile alama, akatia sahihi na kuandika, "Imethibitishwa." Nikaipeleka kwa chifu. Chifu alipiga wake, mkubwa zaidi, akaongeza barua kwamba mleta karatasi hii ni mkazi anayejulikana na mwenye tabia njema. Nilitia vyote kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua yangu ya kurasa nne, nikaeleza habari za damu, za baraza na za mtoto, nikatuma kwa rejista kwenye anwani ya posta iliyokuwa chini ya tovuti yao. Nilitoka posta nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Jibu lilichukua majuma sita. Mvua ndefu zilikuwa zimeshaanza.

Barua yao ilikuwa fupi na ya adabu kabisa, ile adabu ya kukutoa nje huku umeshikwa mkono. Walinishukuru kwa kutumia kipimo chao. Walinieleza kwamba matokeo ya kipimo yana nambari inayoishi siku moja tu, na kwa hiyo karatasi niliyotuma haiwezi kushughulikiwa. Walinishauri nipime tena. Waliongeza kwamba, kwa kadiri ya kumbukumbu zao, taasisi yangu haijajiunga. Kuhusu damu hawakusema neno. Kuhusu mtoto hawakusema neno. Juu ya muhuri wa chifu, uliorudishwa kwangu ndani ya bahasha, mtu alikuwa amebana klipu.

Niliisomea nyuma ya duka, nimesimama. Sikumbuki maneno niliyoyatoa, ila mke wa mzee alikuja kufunga mlango wa mbele ili wateja wasisikie. Nilimwambia mzee kila kitu, kwa mara ya kwanza. Hadi siku hiyo nilikuwa nimemwambia tu kwamba natafuta makala. Nilimweleza makomoke, vidonge, meko mawili katika boma moja. Alisikiliza akiwa amevua miwani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kwa nini wewe hukusema hii maneno siku ya kwanza? Shemeji yangu iko Uingereza. Nyumba yake iko karibu na chuo, na ndani ya chuo iko maktaba."

Alimpigia simu pale pale. Wakaongea Kigujarati, mzee akasoma kichwa cha makala mara mbili. Jumanne iliyofuata shemeji yule, mtu wa duka asiyejua malaria wala milima yetu, aliingia maktaba, akavuta jarida kutoka rafuni, akatoa nakala na kuzituma kwa faksi. Alisema ilimchukua chini ya nusu saa, na kwamba hakuna aliyemuuliza jina.

Hakuna aliyemuuliza jina. Mimi niliyenyosha kidole cha kwanza nilitakiwa nithibitishwe na chifu.

Faksi ilitoka kwenye ile karatasi laini inayojikunja. Niliibeba ndani ya gazeti nikaenda nayo moja kwa moja kwa makomoke. Alikuwa anachambua maharagwe uani. Mkaza mwana wake alikuwa kwenye mafiga yake ng'ambo ya uwanja, ametupa mgongo.

Nilikaa kwenye kigoda nikamsomea, nikitafsiri kwa Ekegusii neno kwa neno kadiri nilivyoweza. Nilianzia pale palipokuwa na nukta tatu. Watoto waliomeza dozi kamili mbele ya muuguzi, ilisema, wengi walikutwa bado na vimelea kwenye damu baada ya majuma mawili. Dawa hiyo haipaswi kutegemewa tena katika milima hii. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili.

Makomoke aliweka ungo chini.

"Dozi kamili," akasema.

"Dozi kamili. Mbele ya muuguzi."

"Basi si mimi."

"Si wewe, makomoke. Haikuwa wewe kamwe."

Hakulia. Alipangusa mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Nami nilidhani nimemaliza, nimetimiza ahadi yangu, nikaanza kukunja ile faksi.

"Walijua lini?" akauliza.

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeliona nikiwa bado dukani. Kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya majina, kwa maandishi membamba, wachapishaji huandika siku waliyoipokea makala. Waliipokea mwezi wa pili. Mtoto tulimzika mwezi wa saba wa mwaka ule ule. Miezi mitano watu walikuwa wameshaandika kwamba vidonge vile havifai, na karatasi ikakaa mezani kwa watu wakisahihisha alama za kituo, na baada ya hapo wakaifungia. Yule mpole wa daftari alijua. Aliyeniandikia "makala yetu" alijua kabla mvua haijanyesha, na hakutuma hata mstari mmoja kwa chifu.

Ilikuwa rahisi kumdanganya. Makomoke hakujua kusoma, ningesema haikuandikwa. Niliifikiria hiyo kwa muda, na aliniona nikiifikiria.

Nikamwambia. Mwezi wa pili.

Alihesabu kwa vidole, akafika mwezi wa saba, akabaki amekishika kile kidole. Nilingoja atukane, maana mimi nilikuwa tayari na matusi ya kumwazima. Badala yake aliinua uso, na kwa ile sauti yake ya zamani, ile ya kusikika ng'ambo ya mto, akamwita mkaza mwana wake, si kwa jina lake bali kama mama wa yule mtoto.

Mwanamke yule alikuja taratibu akiwa na mwiko mkononi, akasimama mbali kidogo, macho chini.

"Kaa," makomoke akamwambia. Kisha akanigeukia. "Soma tena, mwanangu, kuanzia mwanzo. Na ile tarehe usiiruke."